Joka Lisilo Kwenye Jedwali

Duane Vossberg alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona kitu kinakwenda vizuri, lazima akirekebishe. Mchezo wao wa mezani, ule wa kujifanya mashujaa na kupigana na mazimwi kwa kurusha dadu, ulikuwa na aina nne za madhara ya kumpiga nayo adui: moto, baridi, sumu na radi. Jimbo zima la Wisconsin, Marekani, liliridhika nayo. Duane, aliyekuwa msimulizi wa mchezo, hakuridhika. Mwaka juzi alibuni madhara ya kutu, na deraya ya chuma ya shujaa wa mchezaji mwenzao Lowell, aliyoihangaikia miaka minne, ikamomonyoka kabla mwenyewe hajameza soseji. Wachezaji wawili waliaga siku hiyo, hawakurudi tena.

Walibaki Lowell, Merle mdogo wake Duane, na Ardis mke wa Merle. Ardis akaandika karatasi, wote wakaisaini, akaibandika juu ya mashine ya kufulia, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Duane walimokuwa wakichezea: *Kilichoandikwa kinambana na msimulizi pia.* Akikiuka, meza inahamia nyumbani kwa Ardis, na Ardis ndiye atakayesimulia. Duane hakuwa na mke, hakuwa na kanisa, na kazini hawakumjua hata jina. Alichokuwa nacho ni Jumapili ya mchezo.

Mwenye akili zake angetulia. Thubutu! Akabuni madhara ya majonzi.

"Safari hii nimepima," alisema akigawa majedwali ya kinga. "Wiki tatu nzima. Viumbe mia mbili na kumi na mbili, kila mmoja na kinga yake. Hata uyoga."

"Uyoga nao unahuzunika?" aliuliza Lowell.

"Nusu."

"Hongera, profesa. Dunia ilikuwa inakusubiri wewe tu."

Ardis hakucheka. Alikuwa anasoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mhusika wake alikuwa mwimba maombolezo, na Duane alikuwa amempa wimbo wa majonzi: dadu kumi na mbili, mara moja tu maishani. Huo ndio usawa, alisema Duane.

Saa tisa alasiri akaweka mezani kisanamu cha joka lake. Alilipaka rangi miaka sita, gamba kwa gamba. Moto hauliunguzi, radi hailishtui, sumu kwake ni supu. Kwa kuwa lilikuwa na kinga ya kila kitu, alilipa pointi za uhai mia moja na ishirini tu, asije akaitwa mwonevu. Na lilikuwa na hotuba ya kurasa nne. Akakohoa, akafungua ya kwanza.

"Samahani shemeji," alisema Ardis. "Nani anaanza?"

Wakarusha dadu. Akaanza Ardis.

"Naimba."

Akarusha dadu zake kumi na mbili: sitini na moja. Duane akatabasamu. "Haya, tuone kinga yake."

"Tuone wapi? Kwenye jedwali halimo."

Halimo! Lingekuwemo vipi, na yeye alilificha kwenye daftari la siri, makusudi, kwa kuogopa macho ya shemeji yake? Na chini ya jedwali alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: *Asiyetajwa hana kinga, na madhara ni mara mbili.*

"Mia moja na ishirini na mbili," alisema Merle. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu chakula cha mchana.

"Lakini joka hili, kwa asili yake…" alianza Duane.

Ardis akaanza kukunja jedwali lake. Lowell akainuka kutafuta koti. Duane akaitazama ile karatasi juu ya mashine. Iliuma, jamani. Miaka sita!

Akanyoosha kidole, akalilaza joka ubavu.

"Limekufa," alisema.

Lowell alisimama na koti mkononi. "Na hizo kurasa nne?"

"Za nini sasa?"

"Acha lilalamike kwanza, mzee. Mbona unalizika haraka?"

"Majonzi huua polepole," alisema Ardis, akarudi kukaa. "Soma, shemeji."

Akasoma zote nne. Sauti ilitetemeka, na haikuwa ya joka, ilikuwa yake mwenyewe.

Alipomaliza, Ardis alikuwa anakusanya sahani. "Jumapili ijayo naleta viazi vya kuoka na jibini. Ila hilo jedwali uongeze mstari mmoja."

"Wa joka?"

"Wa msimulizi. Kinga yake ya majonzi, andika: hana."

Duane akachukua kalamu, akaandika.