Sindano Nambari Kumi na Nane

Mimi nina wivu, na sihitaji mtu anisaidie kulisema hilo. Nilimwonea Rayhana wivu kabla sijamwona, na mpaka leo sijamwona. Nilichokiona ni mwandiko wake tu, ule wa kujipindapinda, juu ya kifurushi kilichoshushwa kwenye basi hapa Voi: "Kwa Fundi wangu Mbaruk."

Wangu! Mbaruk ni mume wangu, huu mwaka wa ishirini na mbili.

Yeye hutengeneza rili za kuvulia samaki, zile za kuzungushia mshipi wanazofunga kwenye fimbo watu wa boti za wageni. Watu hushangaa fundi wa rili anafanya nini katika mji ambao hata maji ya bomba huja kwa zamu. Lakini ujanani alifanya kazi kwenye boti Kilifi, na tulipohamia huku kwetu, rili zikamfuata kwa basi. Anayezituma ni huyo Rayhana, msimamizi wa boti za babake.

Ndani ya rili mna pini ndogo kuliko punje ya mchele, zinazoshikilia gia kwenye shafti. Chumvi ikishaziganda hazitoki ila kwa panchi, yaani kijichuma chembamba cha kuzisukumia, na nyundo ya kugonga polepole. Panchi ikiwa nene haiingii tunduni. Ikiwa laini inapinda. Mbaruk alikuwa akijitengenezea zake kwa sindano zilizovunjika za cherehani yangu, hasa nambari kumi na nane, ambayo ni ngumu. Aliisawazisha ncha kwa jiwe la kunoa, akaipachika kwenye kijiti, kazi ikaendelea. Tunafanyia kazi baraza moja, meza yake kule, cherehani yangu huku, na alipokwama aliita bila kuinua kichwa: "Mama Fawaz, una sindano?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo kila mara, na sasa niseme lile nisilowahi kumwambia hata dada yangu: sindano hazivunjiki mara nyingi hivyo. Zikipita siku nyingi bila kuvunjika, niliweka zipu ya chuma chini ya sindano nzima, nikazungusha gurudumu, tap! Kisha nikampelekea. "Zipu imenivunjia nyingine." Hata ule mwezi wa kuelekea Idi, nikishona madera matupu, nilimpelekea nne. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mungu akuweke," nami nikawa na raha wiki nzima.

Basi kifurushi kikafunguliwa. Kasha jeusi, na ndani yake panchi kumi na mbili zimelala kwa mpangilio, kuanzia nene hadi nyembamba kabisa, zinang'aa. Mbaruk akazitoa moja moja, akazipangusa ingawa hazikuwa na vumbi. Peris, anayeuza kabeji na nyanya za kutoka Werugha mbele ya baraza letu, akacheka.

"Mama Fawaz, huyo mzee ameletewa bibi wa pili kwa boksi!"

Nikacheka naye, ndani nachemka. Nilitamani kumrushia kabeji yake mwenyewe.

Wiki tatu hakuniita. Nilisikia nyundo yake tik, tik, tik, na "una sindano" hakuna. Rayhana akipiga simu, sauti inajaa baraza zima: "Fundi wangu yupo?" Na fundi wake anatabasamu! Nilihofia kuletewa mke mwenza, ndiyo, kidogo. Ila hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba mikono yake haikuwa ikiomba kitu kutoka kwa yangu isipokuwa hicho kimoja, na sasa hakuna tena.

Jumanne, alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaichukua ile panchi nyembamba kuliko zote, nikaificha chini kabisa kwenye kopo la vifungo.

Kesho yake alikuwa na rili ya kuondoka na basi la saa nane, na pini moja imegoma. Akafungua kasha. Akakung'uta kikoi anachokitandaza magotini ili pini zisipotee. Akatazama chini ya meza. Mimi nashona, kichwa chini.

"Mama Fawaz, una sindano?"

Ningepaswa kufurahi. Badala yake hasira za wiki tatu zikanipanda zote kwa pamoja.

"Muulize Rayhana."

Akaweka nyundo chini. "Rayhana nilimwagiza mimi. Nilimwomba anitafutie kasha hilo Mombasa."

"Kwa nini? Sindano zangu zina nini?"

"Ulikuwa unavunja nzima. Nikadhani unaona haya kuninyima. Nikaona nakutesa."

"Nani kakwambia nzima? Zilivunjwa na zipu!"

"Mwanaesha." Huniita jina langu mara chache sana. "Mwezi mzima ulishona madera. Dera lina zipu wapi?"

Peris alikuwa akimhesabia mtu nyanya. Nilimsikia akiacha kuhesabu. Uso uliniwaka hadi masikio.

"Na ile panchi imo kwenye kopo la vifungo," akaendelea taratibu. "Niliiona asubuhi nikitafuta kifungo cha kanzu."

"Kama uliiona, mbona hukuichukua?"

"Nimekuomba sindano."

Nikafungua pakiti. Nikatoa nambari kumi na nane, mpya, haijashona hata nguo moja, nikaibana kwa koleo mbele ya macho yake na kuivunja. Zipu sikuigusa. Akainyoosha mikono yote miwili, akaipokea.

Saa saba na nusu simu ikalia mezani kwake. Mikono yake ilikuwa na grisi, nikapokea mimi.

"Fundi wangu yupo?" akauliza Rayhana.

"Fundi wangu anafunga rili," nikamwambia. "Sema na mimi."