Santuri Tano za Bi Leontine

Jazi ilizaliwa Treme, huku Louisiana, na hapo Treme ilizaliwa katika mtaa wetu, na mtaani kwetu wazee wanasema ilizaliwa hasa kwenye baraza la nyumba yetu. Hilo halina ubishi. Kasoro ni moja tu: nyumba yetu haijawahi kutoa mtu wa kupuliza chombo chochote, ukimwacha marehemu mjomba, naye alikuwa akipuliza pua.

Jirani yetu Alcide Prevost naye hakupuliza kitu. Alikuwa fundi lipu mstaafu, mgane wa miaka sitini na sita, mwenye santuri arobaini na mdomo wa kuzisimulia. Ukipita mbele ya geti lake na mkate wa moto, utafika kwako umepoa, na wewe umeshajua nani alipiga klarineti na nani alimkasirikia.

Mwaka 1974 Alcide alikuwa na shida moja tu duniani, nayo ilikuwa kiti. Kiti chenyewe kilikuwa ng'ambo ya uzio, kichwani mwa meza ya Bi Leontine Doucet, na hakuna aliyekikalia tangu mumewe afariki. Kila Jumatatu mji mzima unapika maharagwe mekundu, lakini ya Bi Leontine yalikuwa na soseji ya moshi na harufu ya kumwita mtu kwa jina. Alcide alikuwa akiyanusa akiwa amesimama jikoni kwake, anakula dagaa wa kopo. Alikitaka kile kiti. Na Bi Leontine mwenyewe Alcide alimtaka pia, ila hilo alilisemea moyoni.

Basi siku moja Bi Leontine akamwita uziani.

"Mzee Alcide, binti yangu wa Chicago kaniletea gramafoni. Inang'aa kama jino la mchungaji. Naifuta vumbi tu, santuri sina hata moja."

"Hata moja! Na wewe mtoto wa Treme!"

"Usinipigie kelele. Wewe ulipokuwa unasikiliza santuri, mimi nilikuwa nalea watoto sita. Haya, nichagulie zile za lazima, za mtu anayeanza. Tano, zisizidi. Sitaki nyumba yangu igeuke ghala kama yako."

"Na zikikupendeza?"

"Zikinipendeza, utakula na mimi Jumatatu hii na Jumatatu zote. Zikiniudhi, urudi kwa dagaa wako."

"Nitakaa wapi?"

"Kwani kwenye meza yangu kuna viti vingapi visivyo na mtu?"

Alcide aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya kabati la santuri kama mtu anayeungama. Siku nne akawa anasikiliza. Gramafoni yake aliinunua kwenye mnada wa kanisa, miaka kumi na mmoja nyuma. Ilikuwa na kitasa cha kuzungusha chenye namba nne: 16, 33, 45 na 78. Wiki ile ile ya kwanza lipu ilimdondokea kwenye kitasa, kikaganda kwenye 16, na Alcide hakujisumbua. Alidhani ni namba za kiwanda.

Jumatatu saa sita mchana alibisha hodi, amevaa suti ya mazishi na santuri tano kwapani. Ndani alimkuta Bi Leontine anakoroga sufuria, na pembeni ya meza bibi mmoja mwembamba mwenye miwani minene, anamenya kamba wa kesho.

"Huyu ni Nonie," Bi Leontine alisema. "Amepanga chumba changu cha nyuma tangu wiki iliyopita, katokea Kansas City. Si msemaji. Kaa, Mzee Alcide."

Akakaa. Kichwani mwa meza! Mgongo wake ulipogusa kile kiti alihisi kama ametawazwa, na mtu aliyetawazwa hanyamazi.

"Ya kwanza ni hii, ya Euclide Barrow, tarumbeta. Anayeanza na nyingine ni sawa na anayepika mchuzi wa gambo bila kukaanga unga. Ya pili ni ya piano. Huyu bwana ana subira hujapata kuona. Anabonyeza, anakwenda zake, ukisema amekufa, anabonyeza tena. Ya tatu ni ngoma, mtu wa Baton Rouge, anapiga kama anayebisha hodi huku anaomba wenyewe wasiwepo."

"Na ya nne?"

Ya nne aliichagua kwa sababu jalada lake lilifanana na mapazia ya Bi Leontine. "Hiyo utaielewa ukikomaa," akasema. Kisha akaitoa ya tano polepole. Kwenye jalada palikuwa na ukuta na kofia iliyotundikwa msumarini, na chini yake jina: Z. Fontenot.

"Hii sasa. Louisiana nzima hakuna sauti ya kiume nzito kama hii. Ni ng'ombe dume ndani ya kisima, lakini ng'ombe aliyesoma."

Bi Leontine akaacha kukoroga. "Mwanamume kweli huyo!"

Alcide aliyaona yale macho yamewaka, na uongo ukamtoka kama chafya. "Namjua. Mwaka hamsini na tisa, ukumbi wa chama cha kuzikana. Alinishika mkono, akaniita ndugu yangu. Masharubu mpaka hapa."

Kamba mmoja alimponyoka Bi Nonie, akaanguka chini. Akamwokota, akaendelea kumenya.

Bi Leontine aliweka santuri ya kwanza. Euclide Barrow alitoka mle ndani kama mtu aliyefunguliwa mbwa. Alcide aliruka. Tarumbeta aliyoizoea ilikuwa inatembea na fimbo. Hii ilikuwa inaruka uzio. Yule wa piano hakwenda popote, alibonyeza kila kitu mara moja. Wa ngoma hakubisha hodi tena, alivunja mlango.

"Mama wee!" Bi Leontine alikuwa amevua kandambili, anacheza na upawa mkononi. "Mbona ulisema subira? Hii itanivunja nyonga!"

"Ni... ni subira ya haraka," Alcide alisema. Akainama kwenye gramafoni. "Bi Leontine, hiki kitasa umekiweka wapi?"

"Kwenye thelathini na tatu, mwendo ulioandikwa kwenye santuri zako. Kwani wewe chako hukiweka wapi?"

Miaka kumi na mmoja ilimpita Alcide usoni, kwa mwendo wa kumi na sita. "Hapo hapo," akajibu.

"Nimezipenda zote nne! Hata hiyo yenye jalada kama mapazia yangu. Sasa nipe dume lako."

"Ya tano tuiache. Maharagwe yatapoa."

"Yako motoni, yatapoaje?"

Sindano ikashuka. Ikatoka sauti ya mwanamke. Nyororo, nyepesi, ya msichana anayejua kwamba anatazamwa na anaringa.

Bi Leontine akaweka mkono kiunoni. "Mzee Alcide. Ng'ombe yuko wapi?"

"Huyo ni mkewe," Alcide alisema upesi. "Anaanzisha tu. Bwana anaingia baadaye."

Wakangoja. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Mwanamke.

"Ana mafua," Alcide alisema. "Siku hiyo walimrekodi na mafua yake."

"Mafua yanakondesha sauti?"

"Ya Louisiana ndiyo, inategemea na unyevu. Bi Leontine, mimi nimemshika mkono mtu huyu! Nimeyaona masharubu kwa macho yangu, yamepakwa mafuta!"

Bi Nonie akafuta vidole kwenye aproni, akavua miwani. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio alifungua mdomo, akaimba pamoja na santuri. Sauti ilikuwa imezeeka, imekwaruzika kidogo pembeni, lakini ilikuwa ile ile, mpaka kwenye maringo. Bi Leontine alikuwa ameinamia sufuria na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Kiitikio kikaisha.

"Zenobie Fontenot ndiye mimi," Bi Nonie alisema, akimnyooshea Alcide mkono unaonuka kamba. "Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la barafu, hakuimba hata kanisani. Hebu nikumbushe, ndugu yangu. Hayo masharubu, siku ile niliyachana, au niliyasokota?"

Alcide akamtazama Bi Leontine. Sahani ilikuwa mbele yake, wali umeshapakuliwa, na juu yake ulining'inia upawa uliojaa maharagwe, unafuka moshi, haushuki.

"Mjibu mgeni," Bi Leontine alisema. "Mkono unaniuma."