Harufu Chini ya Sakafu ya Aune

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa, Aune Karppinen aliamka, akakanyaga sakafu kwa miguu mitupu, akaona imepata moto. Alifurahi. Maji ya moto yalikuwa yameanza kupita katika mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu, kama kila mwaka, na baridi ya Kajaani, kule Finland, isingemkuta hajajiandaa. Kisha akasikia harufu.

Ilikuwa nzito, yenye utamu kidogo, kama ya viazi vilivyosahauliwa stoo. Alinusa jokofu, akanusa viatu, akanusa na kwapa zake mwenyewe, kwa sababu mtu aishiye peke yake hana wa kumwambia. Haikuwa yake. Akamwaga ndoo ya maji katika tundu la kutolea maji bafuni, maana mle ndani mkikauka harufu ya mtaro hupanda. Haikwisha. Aliishi nayo wiki kadhaa, madirisha wazi, koti mwilini, kabla ya kumpigia fundi. Hakupenda kusumbua watu.

Fundi aliitwa Jarkko, mtu mnene mwenye mlio wa pumzi. Aliacha viatu mlangoni, akapiga magoti, akainusa sakafu kama mbwa wa mwindaji.

"Huu si mtaro, mama," alisema. "Mtaro naujua. Mke wangu hunikumbusha kila jioni."

"Basi ni nini?"

"Tutaona."

Alifungua kisanduku cha mabomba kabatini, akatoa maji yaliyokaa humo. Yalitoka meusi, yakinuka mayai viza. Akayasukuma mpaka yakatoka meupe, lakini harufu ile ilikuwa pale pale. Akafunua pembe ya zulia la plastiki akanusa gundi. Gundi haikuwa na kosa. Ndipo akaanza kufunga bomba moja baada ya jingine, akingoja sakafu ipoe, huku Aune akimmiminia kahawa. Ilipofika jioni alikuwa ameipata. Ilitoka chumbani, upande wa ukuta wa jirani, pale mabomba yanapovuka kutoka nyumba moja kwenda nyingine katika safu ile ya nyumba zilizoungana kuta. Aliyejenga alitoboa tundu pana, asilizibe.

"Haitoki kwako. Inatoka kwa jirani. Ni nani?"

"Oiva Leinonen. Mtu mkimya. Hana neno na mtu."

"Mara ya mwisho mlionana lini?"

Aune alifikiri. Walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta tangu miti ya mbele ilipopandwa, wakisalimiana kwa kichwa. Kiangazi aliona mapazia ya Oiva yamefungwa, akasema moyoni: amekwenda ziwani kuvua.

Wakaenda kubisha hodi. Oiva alifungua mwenyewe, amevaa sweta safi, nywele amezichana, uso una rangi ya mshumaa.

"Ni harufu," alisema kabla hajaulizwa. "Niwieni radhi. Nimekufa tangu mwezi wa saba. Mwanzo haikuwa tabu, lakini sakafu ilipopata moto nilijua tu itafika kwako."

"Pole, jirani," Aune akasema.

"Asante. Nimeshapoa."

"Moyo?" Jarkko akauliza.

"Moyo. Nilikuwa nafunga kamba za viatu."

Wakaingia, maana nje kulikuwa na upepo. Jarkko alikwenda kukagua mabomba. Oiva akamtengea Aune kikombe cha kahawa. Yeye mwenyewe hakunywa. Alieleza kwamba alikaa akingoja mtu aje, na mtu hakuja. Ada ya nyumba benki ilikuwa ikiilipa yenyewe kila mwezi. Zamu yake ya sauna, lile bafu la mvuke la wapangaji wote, aliiacha, kwani mvuke haukumfaa tena na hakutaka kuwaharibia wenzake. Mwishowe alimpigia binti yake Outi, aliyeko Helsinki.

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia, 'Mwanangu, nimekufa.' Akasema, 'Hata mimi, baba, kazi zimeniua. Nitakuja Krismasi.'"

Kesho yake Aune alimpigia msimamizi wa nyumba. Msimamizi aliuliza kama marehemu anapiga kelele. Aune akasema hapana, ni mtulivu kama zamani.

"Basi hakuna aliyevunja kanuni. Harufu ni shauri la fundi," akasema, akamtakia wikendi njema.

Jarkko alirudi na kopo la povu la kuzibia nyufa, akaliziba lile tundu pande zote mbili. Harufu ikakatika siku ile ile. Aune alifunga madirisha, akavua koti, akakaa kitandani. Sakafu ilikuwa na moto na haikunuka chochote. Alijikuta ameweka sikio ukutani.

Tangu hapo alikwenda kwa Oiva kila alasiri. Walikaa jikoni wakitazama theluji.

"Tungeweza kufanya hivi siku zote," Oiva alisema siku moja.

"Tungeweza," Aune akasema.

Krismasi Outi alituma soksi za sufu, akaahidi Pasaka. Oiva alizivaa. Alisema joto halisikii tena, ila rangi amezipenda.

Baada ya mwaka mpya Jarkko alikuja kumalizia kazi. Lilibaki tundu la sebuleni kwa Aune, ambako mabomba yaliendelea kwenda kwa vijana waliohamia nyumba ya mwisho. Aune hakuyajua majina yao. Walikuwa wakisalimiana kwa kichwa.

"Hilo liache," alisema.

"Mama, likibaki wazi, harufu yoyote ya kwako itawafikia wao."

"Najua."

Jarkko akalifunga kopo lake, akaenda mlangoni kuvaa viatu.