Baba Mgongoni

Siku hiyo niliudhika tangu asubuhi. Sisi watu sita wa gazeti la mji wetu mdogo kando ya mto Volga, Urusi, tuliletewa fomu kutoka mkoani, na swali la kwanza halikuuliza kama tunajua kuandika. Liliuliza baba zetu walifanya kazi gani kabla ya mapinduzi. Mimi, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi, nilijaza "fundi viatu maskini" nikapongezwa. Mwenzetu Venyamin alijaza "padri". Mhariri wetu, Ndugu Zakhar, akaniambia mkutano wa jioni utamfukuza Venyamin, na saini ya kumfukuza nitie mimi, mtoto wa mvuja jasho. Huyo Venyamin ndiye anayezinyoosha barua za wakulima zikasomeka, na makala zangu pia. Nikajilaza juu ya marobota ya magazeti ya juzi, nimenuna, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta kwenye tambarare isiyo na mti hata mmoja. Waandishi walikuwa kwenye foleni, kila mmoja kambeba baba yake mgongoni kama gunia la viazi. Kando yangu alitembea mwanamke mwenye viganja vyeusi kwa wino, mgongoni hana mtu. Alisema anaitwa Kazi, na kwamba kwenye lango lililokuwa mbele ya foleni hakuna aliyewahi kumuuliza lolote. Mlinzi wa lango alikuwa Shaka, mwembamba, kavaa miwani miwili kwa pamoja. Waandishi hakuwatazama, aliwapekua wazee. Kijana aliyeshika gazeti juu chini alipita akichekelea, kwa kuwa baba yake alikuwa mfua vyuma. Venyamin alipofika, joho la baba yake likaburuta vumbini, na Shaka akamsukumia kwenye shimo kando ya lango, pamoja na barua zote za wakulima alizokumbatia. Nikazisikia zikilia huko chini kwa sauti za watu ninaowajua. Zamu yangu ikafika, na mgongo wangu ukawa mwepesi mno. Nilikuwa nimebeba koti tupu lenye viraka.

"Ndiye baba huyu?" Shaka akauliza.

"Ndiye."

Nyuma yangu mtu akakohoa, na kikohozi kile nikakijua. Alikuwa baba, mnene, saa ya mnyororo kifuani, na vibarua wawili wamemfuata na nyundo zao.

"Arkhip," akasema, "duka langu la viatu umelificha wapi? Lile lililokulisha?"

Shaka hakumsikia, alishanifungulia. Kazi akanishika mkono. "Aliyesema kweli katupwa, wewe unapewa kalamu. Pita basi, mwanangu, lakini mimi nabaki na yule wa shimoni."

Nikaamshwa na mama Fyokla, mfagiaji, akinigonga mguu kwa mpini wa ufagio na kulalamika kwamba wananisubiri mkutanoni. Mezani kalamu ilikuwa imeshachovywa. Nikaomba fomu yangu kwanza. Nikakata "maskini", nikaandika: mwenye duka, vibarua wawili.

Ndugu Zakhar akauliza kama nimelewa. Nikamwambia nimetoka kulala.

"Sasa saini atatia nani?"

Nikamsogezea kalamu. Hakutia saini, akampa jirani yake, naye akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, kila mmoja macho chini, hadi ikarudi kwa Zakhar wino umekauka. Ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa peke yangu niliyepita langoni na koti tupu.