Mtaro Kati ya Mashamba Mawili

Kofi la kwanza lilipigwa uani, mchana kweupe, mbele ya Bibi, mama mzazi wa Nyundo, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta mahindi. Nyundo aliingia na mabuti yake ya mpira yamejaa tope, akamfuata shemeji yake, Mama Viazi, kwenye kamba ya nguo, akamzaba kofi lililomwangusha juu ya ndoo.

"Nani kakutuma uguse mtaro wangu?"

Mama Viazi aliinuka na ile ndoo mkononi, akamrudishia nayo usoni. Nyundo akapasuka juu ya jicho. Alipoona damu inadondoka kwenye shati lake alimkamata shingo, naye akamng'ata mkono, na bila yule mama mzee wangetoana roho palepale. Bibi aliwacharaza wote wawili kwa ungo mpaka ungo ukatoboka katikati.

"Nimezaa watu au nimezaa fisi?" alifoka huku akihema. "Toka, Nyundo! Toka kwangu!"

Nyundo alitoka. Lakini mlangoni aligeuka akamnyooshea kidole shemeji yake. "Nikikukuta tena pale, nakukata. Mama yupo, ameshasikia."

Hawa wawili walikuwa hawapatani tangu siku ya mazishi ya mumewe Mama Viazi, kaka mkubwa wa Nyundo. Kaburi lilichimbwa kwenye mchanga wa shambani kwao, na kabla jeneza halijashushwa shimo lilikuwa limeshajaa maji hadi magotini. Jeneza likaelea. Watu walitazamana wasijue la kufanya, ndipo Nyundo akaruka ndani na mabuti yake, akasimama juu ya jeneza la kaka yake na kuwaambia watupe udongo haraka. Kila mtu alikubali baadaye kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mjane hakukubali. Aliona mabuti juu ya kifua cha mume wake, basi.

Baba mkwe alikuwa amewaachia wanawe mashamba mawili yaliyoshikana: Nyundo la juu, kaka yake la chini. Mgeni akipita angeyatamani. Ardhi tambarare, mchanga laini, jembe linazama lenyewe hata ukiwa huna nguvu. Lakini ukichimba kwenda chini, rangi inabadilika. Mchanga unakuwa mweupe wenye madoa kama kutu ya bati kuukuu, halafu sepetu inagonga udongo wa kijivu, mgumu kama sakafu. Mvua inapita kwenye mchanga upesi, ikifika kwenye sakafu ile inakwama. Juu unaona pakavu. Ukikanyaga, nyayo zako zinajaa maji nyuma yako. Mahindi yanaanza kuwa njano kutoka majani ya chini, ukiyang'oa mizizi ni mifupi, myeusi, inanuka yai viza. Na jua likiwaka wiki chache tu, mchanga unakauka kama majivu, na mahindi yaliyokuwa yakizama yanakufa kwa kiu.

Bwana shamba alikuja mara moja na keekee yake ndefu, akatoboa hapa na pale, akawaonyesha wote wawili udongo uliotoka.

"Tatizo si mvua, ni hii sakafu," alisema. "Maji yanataka njia. Chimbeni mtaro mmoja, mpana, pamoja, ufike hadi kijitoni. Na kuta msizisimamishe wima. Mchanga ulioshiba maji haujishikilii."

"Mimi nimechimba makaburi ya nusu ya kijiji hiki," Nyundo alimjibu. "Nifundishwe kuchimba na mtu mwenye viatu vya ngozi?"

Kisha akachimba mtaro wake peke yake. Mwembamba, kina cha kufika kifuani, kuta wima kama za kaburi, na mchanga wote aliotoa akaurundika ukingoni. Wala haukufika kijitoni. Uliishia mpakani, ukamwaga maji yote kwenye matuta ya viazi vitamu ya shemeji yake.

Mama Viazi aliitwa hivyo kwa sababu viazi vyake ndivyo vilivyolisha soko zima la pale njia panda. Msimu ule alifukua tuta la kwanza akatoa kiazi kizuri, chekundu, kikubwa kama mguu wa mtoto. Alipokibonyeza kilipasuka, uji mweupe ukamtiririka mpaka kiwiko. Akafukua la pili, la tatu. Alikaa chini kwenye maji akalia kwa hasira, kisha akaenda kujaza viroba mchanga, akaziba mdomo wa mtaro. Hicho ndicho kilicholeta kofi.

Nyundo aliviondoa vile viroba jioni ileile. Kesho yake asubuhi, baada ya mvua kubwa, Mama Viazi alirudi akavipanga upya, safu mbili, akavishindilia kwa mgongo wa jembe. Alikuwa ndani ya mtaro, maji yakimfika magotini, aliposikia mabuti juu yake.

"Nilikwambia nini?"

Nyundo alikuwa na panga. Mama Viazi hakuomba msamaha.

"Ulisema utanikata. Kata basi! Umeshamkanyaga kaka yako, unanionea aibu mimi?"

Nyundo aliruka ndani. Pigo la kwanza lilikuwa la ubapa, likampata bega na kumgongesha ukutani. Huenda hadi hapo alikuwa anataka kumtisha tu, hakuna ajuaye. Mama Viazi alimpiga teke la tumbo, na pigo la pili halikuwa la ubapa. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga, akahisi kama ameguswa na kitu cha baridi, kisha akaona vidole vyake viwili vya mwisho havipo. Damu iliruka kwenye mchanga mweupe.

Hakusikia maumivu saa ile. Aliinama, akakomba tope kwa mkono mzima, akamtupia machoni. Nyundo akapepesuka huku akikata hewa. Mama Viazi akaliokota jembe, akalizungusha kwa nguvu zote alizokuwa nazo, likatua kwenye goti. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu unavyovunjwa. Nyundo alitoa ukelele, panga likamtoka, akaanguka chali kwenye ukuta wa mtaro.

Ukuta ukateremka. Haukupasuka wala kutoa mlio. Ulilainika tu, ukamwagika, na lile rundo la juu likaufuata. Mama Viazi alipofuta macho, Nyundo alikuwa amefukiwa hadi kifuani, mkono mmoja ndani, mmoja nje, mdomo wazi.

"Nitoe," alisema kwa sauti ndogo. "Shemeji. Nitoe, nabanwa."

Maji ya shamba la juu yaliendelea kuja. Viroba viliyazuia, kama alivyokusudia, nayo yakaanza kupanda. Yalifika kwenye makwapa ya Nyundo.

Mama Viazi alisimama. Alikuwa amefunga mkono wake kwa kitambaa cha kichwa, kitambaa chote kimekuwa chekundu, na alikuwa anamtazama. Maji yakafika mabegani.

"Unangoja nini?" Nyundo alilia. "Wewe mwanamke, unangoja nini? Toa viroba!"

"Nikivitoa, yanaenda kwangu."

"Nakufa!"

Mama Viazi alimwona Nyundo anainua kidevu, maji yanamlamba shingo. Akaona kwamba alikuwa na macho ya mumewe, kitu ambacho hakuwahi kukiangalia kwa sababu tangu mazishi hakuwa amemtazama usoni. Nyuma yake juu alisikia Bibi anakuja mbio huku akipiga mayowe, mzee wa magoti mabovu, amepoteza kandambili moja.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Ndipo Mama Viazi akaliokota lile panga, akavichana viroba kimoja kimoja, mchanga ukamwagika, kisha akapiga teke safu yote. Maji yaliondoka kwa kishindo. Yaliyachukua matuta yaliyobaki, majani, viazi, kila kitu, yakayatandaza shamba zima kama uji uliomwagika mezani.

Kumvuta hawakuweza. Kila wakimvuta, mchanga ulimnyonya chini. Ilibidi wachimbe kwa mikono, Bibi upande huu, mkwewe upande ule kwa vidole alivyobakiwa navyo, mpaka majirani waliosikia mayowe wakaleta mbao za kuzuia ukuta. Nyundo alipotoka mguu ulikuwa unaning'inia, mbavu tatu zimevunjika, na alikuwa anatapika mchanga.

Hospitali waliukata ule mguu juu ya goti. Polisi walikwenda kitandani kwake, akawaambia shemeji yake ndiye aliyeanza. Mama Viazi alipoulizwa alisimulia yote, pamoja na lile pigo la jembe, pamoja na kusimama kwake. Hakimu alimfunga Nyundo miaka minne. Mama Viazi alionywa akaachiwa.

Mashamba yale hakuna aliyeyalima tena. Matete yaliota juu na chini, mpaka wa mashamba ukapotea, vyura wakahamia. Mama Viazi alikodi kipande cha mlimani chenye udongo mwekundu, wa kuchosha mgongo, lakini maji yanapita. Alimchukua Bibi akakaa naye, kwa kuwa mzee hakuwa na mtu mwingine wa kumpikia. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, na mambo ya mtaro hawakuyagusa.

Siku moja walikuwa wanakata mbegu za viazi, Bibi akaweka kisu chini.

"Mimi nilikuona," alisema. "Nilikuwa bado mbali, lakini nilikuona umesimama."

"Nilisimama, mama."

"Ulikuwa unafikiria kumwacha?"

"Nilikuwa nimeshamwacha. Nikasikia sauti yako."

Mzee aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, akayaacha yadondoke. Mkwewe hakumbembeleza wala hakuondoka.

"Sitakusamehe," Bibi alisema mwishowe. "Na wala siondoki hapa. Usinifukuze."

"Nikufukuze uende wapi, mama?"

Bibi alijifuta kwa upindo wa nguo, akavuta fungu jingine la mbegu karibu na miguu yake.