Finjani ya Thelathini na Nane

Usiku wa jana niliota niko Nizwa, huko Omani, nimekaa juu ya zulia la Bi Zuwena na tumbo limejaa kahawa.

Bi Zuwena ni mzaliwa wa Unguja aliyehamia huko zamani. Tulikutana asubuhi mnadani, tukagombea mbuzi mmoja. Akanishinda, kisha akanialika nikamle naye. Urafiki wa namna hiyo haukataliwi.

Shida ni ndege. Inaondoka baada ya saa moja, na kesho mdogo wangu Mwanahawa anaolewa Tanga. Baba hayupo, walii wa kumwozesha ni mimi. Nisipofika, hakuna ndoa.

Namaliza finjani. Dele, lile birika la shaba la kahawa, linainuka lenyewe na kunijazia.

"Ahsante, nimetosheka," nasema.

"Maneno sisikii," linajibu. "Mimi huangalia mkono."

Nauangalia mkono wangu. Umetulia, una adabu zake. Nakunywa. Linajaza. Nimeshafukuzwa nyumba tatu za kupanga katika maisha yangu, kwa hiyo nikikaribishwa mahali huwa sibishani.

Kwenye finjani ya thelathini na nane zulia linateleza, na sasa tuko uwanja wa ndege: mimi, Bi Zuwena na dele. Nyuma ya kaunta amekaa yule mbuzi tuliyemla mchana. Amevaa tai.

"Panda mizani," anasema, hana kinyongo. Napanda. "Kilo ishirini za kahawa. Huwezi kuruka nazo."

"Lakini zimo tumboni!"

"Hata mimi nimo, na sijalalamika."

Dele linajaza tena. Dirishani, ndege inaanza kurudi nyuma. Nalia. Machozi yananukia iliki.

"Bi Zuwena, nitamkosesha mdogo wangu ndoa!"

"Basi si uitikise hiyo finjani?"

"Niitikise?"

"Huku mtu akitosheka huitikisa, dele likaacha. Mie nikasema moyoni, kumbe watu wa Tanga wana matumbo!"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Weye! Mie nimfundishe mgeni kuondoka?"

Natikisa. Dele linanyamaza. Kaunta inatikisika, mbuzi anashikilia tai yake, uwanja mzima unatikisika, nami naanguka chali kitandani kwangu, Tanga.

Mlango ulikuwa unagongwa. "Kaka Mbwana! Shehe kafika, wakwe wamejaa barazani, na wewe bado unakoroma!"

Ni Mwanahawa. Nikaruka, nikavaa kanzu, nikamfungulia. Hapo simu ikalia. Ujumbe, namba ya Omani nisiyoijua: "Umefika, mwanangu? Halua ya bibi harusi nimekutilia mfukoni."

Kanzu ilitoka kwa fundi jana jioni, ilikuwa haijavaliwa na mtu. Nikatia mkono mfukoni. Halua ilikuwa bado ya moto.

Mwanahawa akaimega, akalamba kidole, akausoma ule ujumbe mara mbili. Kisha akanikazia macho.

"Mtu mwema hivi, kaka, na hukumwalika?"