Bravix Haifi

Mimi kwa kompyuta za Bravix nilikuwa siambiliki, na hoteli nzima ilijua. Konga, mhasibu wetu, aliyekulia ukimbizini Uganda na kurudi Juba baada ya mkataba wa amani, hakupita mapokezi bila kunichokoza. "Ya Quinter, ile dini yako ya kompyuta iko sawa?" Namjibu Bravix haifi, na yeye abaki na takataka yake nyeusi iliyoshikiliwa kwa selotepu. "Mafi mushkila," anasema, hamna shida, bora inawaka.

Nilikuwa na sababu zangu. Bravix yangu ya kwanza ilinivusha chuo. Ilianguka kwenye ngazi, ikamwagikiwa chai, na bado ikapiga kazi. Kwa hiyo nilipopata ajira Juba na ikabidi nimwache mtoto Kisumu, nilinunua mbili nyekundu, pacha. Moja nikaja nayo, nyingine nikamwachia dada yangu Millicent kwa ajili ya binti yangu Akeyo, ambaye hata miaka minne hajatimiza.

Kila Jumapili baada ya kanisa, Millicent anaifungua mezani kule, mimi nakaa nyuma ya kaunta ambako intaneti ya hoteli haisumbui sana, tunaonana. Kwa simu ya Millicent, isiyo na video, Akeyo haongei. Ukimwekea sikioni anapumua tu. Lakini mbele ya skrini, woi! Atanionyesha ulimi, atanionyesha kidonda cha goti, atabusu kioo mpaka kiingie ukungu. Kwa hayo niliweza kuishi wiki nzima.

Halafu Jumapili moja Millicent akanipigia. "Sister, kompyuta imekataa kuwaka."

"Umeangalia chaja?"

"Chaja nimeangalia, stima iko, hata maombi nimeifanyia. Imekufa."

"Bravix haifi," nikamwambia. "Ipeleke kwa wenyewe, ina waranti."

Wenyewe wakaipokea vizuri sana. Wakasema kuna kifaa kinatoka Nairobi. Baadaye Nairobi ikageuka Dubai. Nikaanza kuwapigia mwenyewe, laini inakatika, napanda ngazi ya tangi la maji kutafuta mtandao, napiga tena huku jua la Juba linanichoma utosi. Binti wa dukani ananijibu kwa sauti ya asali, "Madam, tunaomba subira." Subira! Wanasema subira huvuta heri, lakini mtoto wangu alikuwa anakua kila siku na mimi simwoni. Kazini nilianza kuharibu. Nikampa mgeni ufunguo wa chumba chenye mtu ndani, kukawa na kelele, na meneja akaniuliza kama nina malaria.

Millicent akapata njia. "Mwalimu Alfayo, jirani, ana kompyuta. Anasema atatuazima Jumapili."

"Tusisumbue watu. Yetu inarudi wiki hii."

"Hata wiki jana ulisema hivyo, Quinter."

Nilijua. Lakini nilikuwa nimewasifia Bravix wapishi, wahudumu, hata padri wa mtaa wetu wa Atlabara, na padri akanunua. Nitaanzaje kusema imenitupa? Kichwa kikagoma, basi. Nilipomweleza Konga nikidhani atanionea huruma, aliweka kalamu chini.

"Wewe unangoja nini? Mimi iko na watoto pia. Mtoto hapana ngoja sipea."

Nikamtukana kwa Kijaluo ili asielewe. Akaelewa, akaenda zake.

Hatimaye Bravix ikarudi Kisumu. Ilirudi maiti. Fundi alisema imeungua ndani, na waranti haihusiki na mambo ya stima. Aki nilikasirika! Nilikasirikia duka, nikakasirikia kiwanda, kisha nikajikasirikia mimi, mtu mzima kung'ang'ania jina la kiwanda kisichonijua na kumnyima mtoto wangu Jumapili zake. Nikampigia Millicent. "Mwombe mwalimu hiyo kompyuta. Hata kama ni ya udongo."

Jumapili nilikaa, nikasimama, nikakaa. Nilijipaka mafuta ya midomo. Konga alikuja akaegemea kaunta. Picha ikafunguka, uso wa Millicent ukajaa kwenye skrini, wa kijivu kidogo lakini wazi. "Akeyo! Kuja uone nani!"

Akeyo akaja. Alikuwa amerefuka, jameni. Akanitazama hivi, kwa makini, kama anavyotazama mgeni mlangoni.

"Huyu si Mama," akasema. "Mama yuko kwa ile nyekundu."

Akatoka mbio. Akarudi ameikumbatia Bravix iliyokufa, imemfika kidevuni. "Tangu irudi analala nayo," Millicent akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga. Akeyo akaketi sakafuni, mgongo kwangu, akaifungua ile skrini nyeusi na kuifuta kwa kiganja.

"Akeyo," nikaita.

Akaruka kwa furaha, na bado macho kwenye skrini nyeusi. "Mama! Umeamka!" Akaitolea ulimi. Akaibusu. Akainua mguu ili ione kiatu kipya. Millicent akanyoosha mkono amgeuze, nikamwambia, "Mwache, tafadhali, mwache."

Nikamwambia Akeyo kiatu ni kizuri. Kiatu chenyewe sikukiona. Konga akaondoka taratibu na kuuvuta mlango nyuma yake.

"Mama, mbona kwako giza?"

"Stima imepotea," nikakijibu kisogo chake. "Wewe endelea tu kuniambia."